Shule ya mwigizaji Mkenya iko kwenye mabwalo ya shule

Wakenya wanaofika London na ndoto ya jukwaa husifia taa na maleba. Kwangu mimi tofauti kubwa iko kwenye wingi wa maonyesho. Kule West End, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo London, mwigizaji hupanda jukwaani mara 8 kwa wiki: kila jioni Jumatatu hadi Jumamosi, na siku mbili kati ya hizo anaongeza onyesho la mchana. Mchezo mmoja huenda hivyo kwa miezi. Nairobi, kundi hufanya mazoezi jioni baada ya kazi, mchezo unaonyeshwa Ijumaa hadi Jumapili, basi. Mwigizaji anaachana na mhusika ndiyo kwanza ameanza kumwelewa.

Onyesho la tatu bado unapambana na maneno. Baadaye sana ndipo inakuja kero nyingine: mdomo unasema wenyewe, sikio limelala. Unajibu kabla mwenzako hajamaliza kuuliza, na mzaha uliokuwa ukivunja watu mbavu unapoa kwa kuwa umeanza kukingojea kicheko chenyewe. Dawa ni kumsikiliza mwenzako upya, na ugonjwa huo huwezi kuujua kwa maonyesho matatu.

Lakini nyumbani tunao msururu mrefu, na tunaudharau: maonyesho shuleni ya vitabu teule, yaani vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Watu wachache hupakia maleba kwenye matatu, wakacheza shule moja asubuhi na nyingine mchana, kila mmoja akibeba wahusika wawili watatu. Bwalo la mabati lina mwangwi, taa za jukwaa hakuna, na watahiniwa waliokariri kitabu watakusahihisha kwa sauti ukiruka mstari. Ni mafunzo makubwa hayo! Mvua ikipiga mabati, usishindane nayo kwa kelele. Sogea mbele, punguza kasi, tamka silabi za mwisho wa sentensi, maana ndizo hupotea kwanza. Anayepayuka kutoka kooni nyuzi sauti humvimba, na wiki haiishi kabla sauti haijamkauka. Kunong'ona hakumsaidii, anyamaze. Maji nayo anywe mapema, kwani yakimezwa hayapiti kwenye nyuzi hizo.

Tunachoweza kuiga kutoka Uingereza bila gharama kubwa ni nidhamu ya meneja wa jukwaa. "Nusu saa" hutangazwa dakika 35 kabla ya pazia, "robo saa" dakika 20, "dakika tano" zikibaki 10, na wanaofungua mchezo huitwa zikibaki 5. Hesabu yote inalenga mwito huo wa mwisho. Asiyefika "nusu saa" ikitangazwa hutafutwa papo hapo, na mwigizaji wa akiba hujiandaa. Tena kuna mswada mmoja wenye kila mwendo wa mwigizaji na kila ishara ya taa, umeandikwa kwa penseli, hivyo anayeshika nafasi ya mgonjwa ana pa kusoma. Kwetu haya mara nyingi yamo kichwani mwa mwelekezi.

Pesa si rahisi huko pia: ajenti anayemtafutia mwigizaji kazi hukata asilimia 10 hadi 15 ya malipo yake, na kati ya kazi moja na nyingine kuna miezi mikavu. Ila mkataba hutangulia mazoezi, na Equity, chama cha waigizaji cha huko kilichoanzishwa 1930, hujadili viwango vya chini vya malipo. Makundi ya vitabu teule yaanzie hapo: karatasi moja, kabla mswada haujasomwa, inayotaja malipo ya kila onyesho, malipo ya siku ya mazoezi, na nani atalipa shule ikiahirisha wakati gari liko njiani.