Shemeji Kabandua Uso Wake

Najua mmeshaiona ile posti ya "msanii amchuna shemeji ngozi", kuhusu picha niliyomchora shemeji. Aliyeisambaza ni rafiki yangu, na kwa kuwa hata brashi hajui kuishika, karuka yote ya maana. Sikieni kwa mwenye kidonda.

Tangu mwanzo nilichora dhahania tupu: pembetatu za rangi ya chungwa, rangi ya mafuta iliyopakwa kwa kisu, matuta matupu. Nilipohamia kwenye sura za watu, turubai (vitambaa vya kuchorea) nilizokuwa nazo ni zile zile. David Park wa California, inasimuliwa, alibeba picha zake za dhahania akazitupa jalalani, ndipo akarudi kuchora watu. Mimi ubahili haukuniruhusu. Shemeji nikamchora juu ya pembetatu.

Kwa rangi ya akriliki. (Wachoraji, ngojeni kwanza, mtacheka baadaye.) Mafuta juu ya akriliki hukaa vizuri. Akriliki juu ya mafuta haishiki: hiyo ni plastiki ndani ya maji, ikikauka inakuwa ngozi iliyolala tu juu ya utelezi. Ila inakauka upesi, mafuta yanataka siku kadhaa, na shemeji alishaalika watu. Tuta moja lilimkatiza puani, akaonekana kama aliyevunjwa. Hapo tu ndipo nilipokwangua na kupiga msasa hadi kwenye kitambaa.

Wageni wamejaa, shemeji akasogea. "Shem, mbona sikio langu limeinuka?"

Akaligusa kwa ukucha. Likaja.

Angeacha hapo. Nani huacha? Akavuta. Shavu likafuata taratibu, linarefuka bila kukatika, linatoa kamlio ka plasta inayobanduliwa. Masharubu, upande mmoja. Chini yake chungwa linang'aa, jipya kabisa. Hakuna aliyekohoa. Mama mkwe ndiye akapaza sauti: "Polepole baba, usijitoe jicho!" Jicho likatoka. Kufika puani, pakagoma. Pale penye msasa pameshika barabara. Ngozi ikakatika kuizunguka. Shemeji kasimama, uso wake umemning'inia mkononi, na ukutani imebaki pua peke yake katikati ya pembetatu.

Mnaouliza kama uso utarudishwa pale turubaini: haurudishiki. Nimenunua turubai mpya, jeso (rangi nyeupe ya msingi) mikono miwili, sasa ni mafuta mwanzo mwisho, tabaka za chini nyembamba na za juu zenye mafuta zaidi. Shemeji kakubali kukaa tena. Ule uso wa kwanza nilimwomba, kakataa. Anadai ni wake.