Uwanja, treni au kibanda umiza: ugonjwa unapita wapi?

Februari 19, 2020, Atalanta ya Bergamo, mji wa kaskazini mwa Italia, iliichapa Valencia ya Hispania 4-1 katika Ligi ya Mabingwa. Mechi ilipigwa San Siro, Milan, kwa hiyo mashabiki wapatao 40,000 walifunga safari ya kilomita kama 50. Wiki chache baadaye Bergamo ilizidiwa na maiti wa Uviko-19, na daktari wa mapafu wa huko akaiita mechi ile bomu la kibayolojia.

Hoja yake ina uzito. Mabao manne ni kukumbatiana na kupiga kelele mara nne, na anayepiga kelele hutoa matone mengi kuliko anayeongea. Lakini mgonjwa aliyethibitishwa Codogno, mkoa huohuo wa Lombardia, siku moja baada ya mechi alikuwa na dalili tangu kabla yake. Mechi huenda iliuchochea moto, haikuuwasha.

Takwimu za Scotland wakati wa Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya, mwaka 2021, zinafikirisha zaidi. Wagonjwa 1,991 walihusishwa na mashindano, na karibu theluthi mbili walikuwa wamekwenda London kwa ajili ya mechi na England. Walioingia Wembley, uwanja wenyewe, ni 397 tu. Wanaoutetea uwanja huishia hapo, wakitaja treni na baa. Mimi nasita. Tiketi rasmi za Waskoti hazikufika 3,000, kwa hiyo 397 ni sehemu kubwa sana. Tatizo ni kwamba hata hao walipanda treni zilezile na kunywa baa zilezile.

Hofu nayo hukosea njia. Mwaka 2014 Morocco ilikataa kuandaa AFCON ya 2015 kwa tarehe zilizopangwa, ikihofia Ebola, ingawa Guinea, yenye mlipuko, ilikuwa ikichezea mechi zake za nyumbani Casablanca. Mashindano yakahamia Guinea ya Ikweta na Ebola haikuzuka. Ugonjwa huo unahitaji kugusa majimaji ya mgonjwa, naye anayeuambukiza huwa tayari anaumwa, na mara nyingi hana nguvu za kupanda jukwaani.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa AFCON 2027. Najua mjadala utaangukia viwanja, kwa kuwa ndivyo vyenye mageti ya kufunga. Kwa ugonjwa wa njia ya hewa, mimi ningeanza na vibanda umiza, vya kutazamia mpira kwa kiingilio: chumba cha mabati, mlango mmoja, madirisha yamezibwa ili picha ionekane, na watu wamebanana kwa dakika 90. Huko hakuna anayehesabu vichwa isipokuwa mkusanya kiingilio.