Ruta Husingiziwa

Ukurasa ukigoma kufunguka, mkono huenda kwenye ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani, kabla ya kitu kingine chochote. Inachomolewa, inachomekwa, taa zinatazamwa zikiwaka moja baada ya nyingine, na mambo yakikataa mtu hutafuta pini akachokonoa kile kitundu cha nyuma. Nami nimewahi kufanya hivyo. Kompyuta yangu mpakato ilionyesha mawimbi yamejaa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Nikakibonyeza kile kitundu kwa sekunde 10, ruta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, na papo hapo likafutika jina na nenosiri ambalo ruta huyatumia kujitambulisha kwa kampuni inayotuletea intaneti. Nyumba nzima ikalala bila mtandao. Kesho yake, tulipokwisha kurudishiwa, kompyuta yangu ilikuwa vilevile.

Kumbe kosa lilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe. Zamani niliwahi kuipa anwani ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao) ya kudumu, inayoanza na 192.168.0, kwa ajili ya mtandao mwingine kabisa, kisha nikasahau. Ruta ya nyumbani hugawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Mawimbi yalikuwa yanafika, ila kila kilichotumwa kilikosa njia. Niliporuhusu kompyuta ipokee anwani kutoka kwa ruta, haikupita dakika moja kurasa zikaanza kufunguka.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: simu yangu, juu ya meza ileile, kwenye Wi-Fi ileile, ilikuwa inafungua kila kitu.

Ndiyo maana siku hizi nashikilia kwamba ruta isiguswe mpaka ijulikane kosa liko upande gani. Wi-Fi na intaneti si kitu kimoja. Kuna safari ya kwanza, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, na kuna ya pili, kutoka kwenye ruta kwenda nje. Mawimbi yaliyojaa kwenye kioo yanasema habari ya safari ya kwanza tu, tena nusu yake. Simu ikifungua na kompyuta isifungue, iache ruta na uishughulikie kompyuta. Lakini zima data ya simu kabla ya kupima, maana simu nyingi zikiona Wi-Fi imelegea huhamia kwenye data kimyakimya, nawe utadhani ruta ni nzima.

Hatua inayofuata watu huiogopa bure. Fungua dirisha la amri. Kwenye Windows andika ipconfig, usome anwani uliyopewa. Ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo ombi halikufika kwa ruta, au jibu halikurudi: mara nyingi muunganisho umekwama, na kuusahau mtandao huo kisha kujiunga upya hutosha. Anwani ikiwa sawa, andika ping, amri ya kupima kama kifaa kingine kinajibu, na anwani ya ruta, ile iliyoandikwa kama lango (Default Gateway). Ruta ikijibu, jaribu ping 1.1.1.1, ambayo iko nje. Namba ikijibu lakini majina ya tovuti yasifunguke, tatizo liko kwa DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa namba, na unaweza kuweka nyingine kwenye mipangilio. Amri mbili tatu hizo zinakueleza mengi kuliko saa nzima ya kuzima na kuwasha.

Sisemi kuzima na kuwasha ruta hakusaidii. Husaidia sana, kwa sababu ruta ni kompyuta ndogo na kumbukumbu yake huweza kuchanganyikiwa. Ninachopinga ni kuanza na hilo. Ukizima, ushahidi unapotea. Tatizo likirudi keshokutwa hujui lolote zaidi ya ulilojua leo.

Kuna pia makosa yanayofanana na uchawi mpaka uyajue. Ruta nyingi hurusha mawimbi kwa gigahezi 2.4 na 5. Yale ya 5 yana kasi lakini huchoka haraka ukutani, ya 2.4 hufika mbali lakini yamesongamana, na oveni ya maikrowevu huvuma jirani kabisa na hapo. Kwenye 2.4, chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo, zisizogongana ni 1, 6 na 11, kwa hiyo katika nyumba zilizobanana kuchagua mojawapo kwa mkono kunaleta nafuu. Ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13, baadhi ya kompyuta hazitaiona kabisa, ingawa simu inaiona. Hata diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na antena huweza kuvuruga masafa ya 2.4. Ichomoe uone.

Kompyuta ikikatika kila inapoamka usingizini, tazama mipangilio ya kuokoa betri. Mara nyingi ndiyo inayozima kadi ya Wi-Fi. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, nayo ikiharibika utahitaji intaneti ili kupata nyingine, na hapo watu hukata tamaa. Unganisha simu kwa waya wa USB, ishirikishe kompyuta intaneti ya simu, upakue.

Ushauri mmoja unaniudhi kwa dhati: ondoa nenosiri la Wi-Fi kwanza, eti tujaribu. Anayeliondoa leo husahau kulirudisha, na mtandao wa familia unabaki wazi kwa yeyote anayepita. Kompyuta ya zamani ikikataa kujiunga, tazama kama ruta imewekwa kwenye WPA3 peke yake, usalama uliotangazwa mwaka 2018 ambao kadi nyingi za kabla ya hapo haziufahamu. Chagua WPA2, ule wa kabla yake, na WPA3 kwa pamoja, na nenosiri libaki mahali pake.

Na ikiwa umejaribu yote hayo na kitundu kile bado kinakuita, fungua kwanza ukurasa wa mipangilio ya ruta, nakili kwenye karatasi jina la kujitambulishia kwa kampuni, na uipigie ikupe nenosiri lake. Ukishakuwa nayo mkononi, bonyeza.