Moto wa Kilimanjaro na watu wa nusu maili

Oktoba 11, 2020 moto ulizuka Whona, mahali wanapopumzikia wapanda mlima kati ya kambi za Mandara na Horombo. Uliwaka kwa siku kadhaa na kuteketeza kilometa za mraba zipatazo 95. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na wakazi wa vijiji vya chini.

Hao wa mwisho ndio ninaowatazama. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa msitu ili Wachagga wapate kuni, na majani ya ng'ombe wanaofugwa zizini. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, na nusu maili nayo ikawa chini ya sheria ya hifadhi. Mama mwenye ng'ombe wawili kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, akajikuta akikimbizwa na askari kwa sababu ya mzigo wa majani. Moto unapowaka, wanawe huitwa kuuzima.

Hata hivyo, serikali haikukurupuka. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuta miti ya asili imekatwa ovyo na tanuri za mkaa zikiwa ndani ya msitu, na sehemu ya mali hiyo ilipita vijijini, viongozi wakiona. Kule juu, misitu ya mierika, miti ya jamii ya Erica, hunasa maji ya ukungu. Ikiungua mara kwa mara hubaki vichaka, na maji hayo hupungua. Anayeumia ni yuleyule mwanakijiji mwenye mfongo, mfereji wa Wachagga wa kumwagilia shamba. Hoja hii ni nzito, na watetezi wa wanakijiji huiruka upesi mno.

Lakini kuwafungia watu hakufungi moto. Kila mwaka lawama huwaangukia warina asali na wawindaji haramu, na kweli wamo. Ila taarifa za awali za 2020 ziliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Yaani cheche ilitoka kwenye utalii wenyewe, ambao hakuna anayethubutu kuufungia lango.

Wengine hupendekeza uchomaji wa mapema, yaani kuchoma nyasi kwa makusudi mwanzoni mwa kiangazi ili moto mkubwa ukose cha kula baadaye, kama unavyofanyika katika misitu ya miombo ya vijiji vya Kilwa. Kwenye miombo unafaa, maana miti yake imezoea moto. Mierika haijazoea hivyo. Dawa ya Kilwa ingekuwa sumu huku.

Kwa maoni yangu, kikosi cha moto cha kijiji kilipwe posho tangu kiangazi kinapoanza, kipewe vifaa, na siku za kukata majani ziandikwe kwenye makubaliano ambayo askari hawezi kuyafuta kwa hasira ya asubuhi moja. Gharama zitoke kwenye viingilio vya wageni. Kigumu kitakuwa nani aandikwe kwenye kikosi: wenyeviti wa vijiji wana ndugu wengi, na posho ina harufu inayofika mbali.