Magari machache si lazima yawe usalama

Makala inadai kuwa msafara wa baiskeli wa usiku kutoka Dar es Salaam hadi ufukweni Bagamoyo ni salama kuliko wa mchana kwa sababu magari huwa machache. Ni kweli magari hupungua, na jua halimchoshi mtu katika safari ya karibu kilomita 70, lakini hayo machache hukimbia mno. Nimeipita njia hiyo usiku pamoja na wenzangu, na kilichonitisha zaidi, tukiwa tumeshaiacha Bunju kuelekea Mapinga, ni lori bovu lililoachwa barabarani bila taa wala reflekta, likitanguliwa na matawi mabichi tu, ambayo taa ndogo ya baiskeli huyamulika wakati mtu ameshayafikia. Kwa hiyo gari la kusindikiza nyuma na fulana za reflekta, ambazo makala imezigusia kwa sentensi moja tu, ziwe sharti kwa kila anayeshiriki. Binafsi ningeshauri pia kuondoka saa nane usiku badala ya saa nne, ili kuanzia Kerege kuwe kunapambazuka. Je, waliowahi kuongoza misafara hii huwafanyaje wanaobaki nyuma?