Mgeni wa Tecno

Haya, kwa kuwa binamu yangu ameshairusha stori hii kwenye status tangu jana usiku, tena kaitia chumvi mpaka hailiki, ngoja niseme mwenyewe. Sikulia. Hapo kadanganya. Macho yalikuwa yananiwasha.

Mnaijua ile tovuti ya gesti ya mjomba, Pangani. Niliitengeneza mimi, inakaa kwenye seva ya kukodi huko Ujerumani, na tangu siku hiyo mjomba hana swali lingine: "Mjomba, leo wamepita wangapi?" Utadhani nimekaa getini. Nikaamua kumfungia Matomo, programu ya kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti (wazee wenzangu mliijua kama Piwik kabla ya 2018), iwe inamhesabia.

Lile furushi lina mafaili maelfu. Mwenye akili hupandisha zipu moja, akaifungulia kulekule kwenye seva. Mimi nikaifungulia kwenye laptop, nikapandisha faili mojamoja kwa FTP, ile njia ya kusafirishia mafaili mpaka kwenye seva, kwa bando la wiki. Bando likakata roho usiku wa manane. Msicheke bado, hata hatujafika.

Baada ya hapo Matomo ikaniuliza anwani ya seva ya hifadhidata, yaani ghala la kutunzia hizo hesabu, na ilishajijazia yenyewe 127.0.0.1. Nikasema hii si laptop yangu hii? Nikafuta kwa kujiamini kabisa, nikaandika anwani ya tovuti. Ikakataa. Nikabishana nayo mpaka saa tisa usiku. Kumbe namba ile maana yake ni "hapahapa nilipo", na aliyekuwa anaongea ni seva ya Ujerumani, si mimi wa Tanga. Nikarudisha nilichofuta, ikapita. Nikabandika vile vimistari vya msimbo vya kuhesabia kwenye kila ukurasa wa tovuti, nikalala kama bwana harusi.

Jana sasa. Sebuleni kwa mjomba, laptop imeunganishwa na runinga. Yupo mjomba, bibi, binamu, watoto, na jirani mmoja ambaye mpaka leo sijui aliitwa na nani. Nikafungua pale panapoonyesha wageni walioingia muda huu, panajisasisha kila sekunde 5. Kimya. Nikatoa simu, nikaifungua tovuti nihakikishe ipo hai.

"Huyo!" mjomba akasimama.

Mgeni mmoja. Bendera ya Tanzania. Simu ya Tecno.

Nami nikashangilia, wallahi! Nikagusa "Vyumba" nione kama picha za vitanda zinatoka vizuri. Sekunde 5. "Kaingia vyumbani!" Jirani akasogeza kiti. Nikagusa "Bei". Sekunde 5. "Anaulizia bei, huyo ana hela!" Mimi moyoni nasema, huyu mteja tunapenda vitu vilevile. Anwani yake inaishia sifuri mbili, maana Matomo huificha nusu kwa ajili ya faragha. Bila hivyo pengine ningejitambua. Pengine. Nikagusa picha za bahari. "Huyo wa mapumziko!" Mjomba akamtuma binamu haraka akatandike chumba namba 4, kile chenye feni nzima.

Bibi yangu hajui tovuti ni mdudu gani. Muda wote hakuwa anaangalia runinga, alikuwa ananiangalia mimi.

"Wewe mume wangu, mbona kila ukikigusa hicho kidude, yule naye anatembea? Hebu acha."

Nikaacha. Sekunde 5. Sekunde 10. Mgeni kasimama palepale, kama kasahau alichofuata.

"Haya, gusa."

Nikagusa. Mgeni akarudi mwanzo.

Sebule ilinyamaza mpaka ukasikia friji ikinguruma. Mjomba akaja polepole, akanichukua simu mkononi, akaigeuza, akavaa miwani, akasoma mgongoni. Hakusoma neno zima. Alisoma herufi mojamoja. T. E. C. N. O.

Binamu akarudi na shuka begani, anauliza mgeni anafika saa ngapi.

Chai ililetwa, sikuinywa. Sehemu ya kujitoa kwenye hesabu ilikuwepo siku zote, nimeiwasha nikiwa ndani ya basi. Asubuhi hii mjomba kapiga. Wangapi? Nikachungulia: sifuri.

"Basi rudi," akasema. "Chumba namba 4 kimeshatandikwa, na bei unaijua."