Kabla ya Kuomba Uwanja: Tusikilize Baraza au Tuhesabu Wachezaji?

Mkazi wa Kisumu, Kakamega au Nakuru akiulizwa barazani anakosa nini upande wa michezo, jibu huja mara moja: uwanja. Akiulizwa uwanja wa aina gani, hutaja ule alioushuhudia kwa macho yake: Mamboleo, Bukhungu, Afraha. Hakuna kosa hapo, maana mtu huomba anachokijua. Kosa huanza pale jibu hilo linapoingizwa kwenye mpango wa kaunti wa miaka mitano kana kwamba limepimwa, na hakuna aliyekaa uwanjani hata wiki moja kuhesabu nani anacheza, nani anasubiri na nani hafiki kabisa.

Wanaotetea baraza wana hoja nzito. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vifaa vya michezo, bustani na sehemu za burudani mikononi mwa kaunti, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka umma ushirikishwe katika kupanga. Barazani ndipo mzee wa mtaa husimama akasema kwamba kile kipande karibu na kanisa kilikuwa cha umma, na kwamba mtu ameanza kukizungushia ua. Hakuna fomu itakayokueleza hilo. Tena uwanja uliodaiwa na wenyeji kwa sauti zao hulindwa: milingoti ya goli haing'olewi usiku ikapelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu bila mtu kupiga kelele.

Lakini angalia viti vya baraza lenyewe. Kwa kawaida huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, kwa chifu au kwenye ukumbi wa wadi. Mama mboga yuko sokoni, mwanafunzi yuko darasani, mwenye kiti cha magurudumu hakupata bodaboda ya kumbeba. Wanaobaki wengi ni wanaume, makocha wa timu za mtaani na vijana waliofuatana na mgombea fulani. Soka itashinda kila mara, hata pale wadi ina viwanja vitatu vya soka na haina hata pete moja ya netiboli. Wazee wanaocheza ajua, ule mchezo wa bao, chini ya mti mjini Kisumu hawatainua mkono kuomba kivuli na benchi, kwa sababu hawajawahi kuambiwa kwamba hilo nalo ni hitaji la burudani. Na kule Ikolomani, kaunti ya Kakamega, ambako mapigano ya mafahali hukusanya umati asubuhi na mapema, haja ni uwazi wa kutosha, vyoo, njia pana za kutokea na umbali salama kati ya mtazamaji na pembe. Orodha ya vifaa vya michezo mara nyingi haina hata safu ya kuandika hayo.

Ndipo wapangaji wanaposema: acheni kuuliza, hesabuni. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko inavyosikika. Inahitaji watu wawili kwa kila uwanja, karatasi iliyopigwa mistari, saa na kalamu. Wanahesabu kila nusu saa, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili na nusu, siku mbili za kazi, kisha Jumamosi na Jumapili kutwa. Kila mara huandika wavulana, wasichana, watoto wadogo, watu wazima na wenye ulemavu unaoonekana. Baada ya hapo zinafuata safu tatu ambazo ndizo moyo wa zoezi: wanaocheza, wanaosubiri zamu, wanaotazama tu. Safu ya wanaosubiri ndiyo inayopima upungufu. Uwanja wenye wachezaji 22 na wengine kumi na tano wamekaa pembeni wamevaa viatu unabanwa na nafasi. Uwanja wenye wachezaji sita na hakuna anayesubiri una ugonjwa mwingine. Pengine maji yametuama golini, pengine njia ya kuufikia inaogopwa.

Hesabu hiyo huzaa takwimu ya saa, na saa ndiyo lugha ambayo mjadala huu umeikosa. Tuchukue wadi ya mfano yenye timu 24 za soka. Zikicheza zote mara moja kwa wiki ni mechi 12. Kila mechi saa mbili pamoja na kupasha misuli moto, jumla saa 24. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, ni saa 72. Timu mbili zikigawana uwanja nusu kwa nusu, zinabaki 36. Wadi hiyo inahitaji saa 60 za uwanja kwa wiki. Sasa tazama jua. Mazoezi ya siku za kazi huanza saa kumi baada ya shule na kazi, na giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Hizo ni saa mbili na nusu kwa siku tano, yaani 12 na nusu. Ongeza saa nane za Jumamosi na nane za Jumapili upate 28 na nusu. Kwa mwanga wa jua pekee, saa 60 zinadai viwanja zaidi ya viwili vya udongo. Vikiwa vya nyasi, idadi hupanda, kwa sababu nyasi zisizo na mitaro ya kutoa maji chini zikichezewa saa nyingi kila wiki huisha golini na katikati, mizizi ikakanyagika na udongo ukashikana kama sakafu. Nyasi bandia huvumilia kutwa nzima, ila zulia lake hulazimu kubadilishwa baada ya takriban miaka kumi, na adhuhuri ya Kisumu hulifanya liwake moto chini ya miguu. Taa za mulika mwizi zilizoelekezwa uwanjani zinaweza kuongeza saa mbili kila jioni bila kununua hata futi moja ya ardhi. Baraza halijawahi kuona hesabu hii, kwa hiyo haliwezi kuchagua kati ya taa na uwanja mpya.

Hata hivyo, hesabu nayo ina upofu wake, na wanaoishabikia huupuuza. Huona waliofika tu. Saa kumi na moja jioni msichana wa mtaa wa Obunga, Kisumu, au wa Rhonda, Nakuru, yuko kwenye foleni ya maji, au jikoni akimbeba mdogo wake mgongoni. Karatasi ya uwanjani itaandika sifuri chini ya safu ya wasichana, na afisa mvivu ataisoma sifuri hiyo kama "hawapendi michezo". Dawa yake ni kuwafuata waliko: kibanda cha maji, saluni, baada ya ibada, vikundi vya watu sita hadi wanane, mwulizaji awe mwanamke. Wala wasiulizwe wanataka nini. Waulizwe Jumamosi iliyopita, kati ya saa nane na saa kumi na mbili, kila mmoja alikuwa wapi na akifanya nini, kisha nini kingebadilika kabla hajafika uwanjani. Majibu yatakayotoka hapo, choo chenye mlango unaofungwa, njia yenye taa, saa maalumu isiyo na wavulana, mara nyingi ni rahisi kuliko uwanja wowote mpya.

Msimu nao hudanganya. Ukihesabu Agosti wakati wa likizo, utakuta watoto kila mahali. Ukihesabu karibu na mitihani ya kidato cha nne, viwanja vitaonekana vitupu. Hesabu moja ifanyike kiangazi cha Januari na Februari shule zikiwa zimefunguliwa, nyingine katikati ya masika, ili ijulikane ni viwanja vingapi hufa Aprili.

Hapo tunafika kwenye ardhi, na hapa ndipo viwango vya vitabuni huvunjika. Viwango hivyo hugawa idadi ya watu kwa idadi ya viwanja, na sensa ya 2019 ilipokuta watu 1,155,574 kaunti ya Kisumu na 2,162,202 Nakuru, ni rahisi kuketi ofisini na kutoa tarakimu ya kutisha. Lakini Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, imekua kwa mashamba kukatwakatwa kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, na hapawezi kupatikana uwanja kamili wa soka bila kubomoa nyumba. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukiongeza mita tatu kila upande, unakula ekari mbili. Swali la maana hapo ni nini kinatosha kwenye ploti moja. Voliboli inatosha: mstari wa mita 18 kwa 9, na mita tatu za uwazi kila upande, ni mita 24 kwa 15, nayo ploti ni kama mita 30 na nusu kwa 15 na robo. Netiboli inahadaa. Uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25, yaani ploti yenyewe hasa, futi mia kwa hamsini, na ndiyo sababu kuna kishawishi cha kuupaka rangi humo na kuweka ua juu ya mstari. Mchezaji anayekimbilia mpira wa pembeni atasimamishwa na waya. Ploti nne zilizoungana, karibu nusu ekari, hutosha sakafu moja ya mita 44 kwa 24 inayobeba mpira wa mikono, vikapu, voliboli na netiboli kwa rangi tofauti za mistari. Linganisha: soka humpa kila mchezaji mita za mraba 324, netiboli 33. Wadi iliyobanwa ikisisitiza soka tu, inachagua kuwaacha nje watu tisa ili mmoja acheze.

Je, stediamu kubwa ni upotevu basi? Siamini hivyo. Bukhungu uliandaa Mashujaa mwaka 2018, Gusii 2020, Mamboleo Madaraka ya 2021, Masinde Muliro kule Kanduyi Madaraka ya 2024, na sikukuu hizo zimeharakisha kazi ambazo zingekaa kwenye makaratasi miaka mingi. Mwanariadha chipukizi anahitaji njia ya mita 400 iliyopimwa kwa haki. Kwenye nyasi za shule, mpimaji akiilaza tepu juu ya mstari wenyewe badala ya kuiweka sentimita 20 nje yake, mzunguko huzidi kwa zaidi ya mita moja na muda wa mtoto huonekana mbaya bure. Klabu ya ligi inahitaji vyumba vya kubadilishia nguo, jukwaa na lango la tiketi. Ila njia hiyo ya kukimbilia pekee inadai ekari nne, kabla ya jukwaa na maegesho. Na kwa mtoto wa Nyalenda, Mamboleo iko upande wa pili wa mji. Nauli ya kwenda na kurudi humaliza hamu yake. Stediamu ihesabiwe kama hitaji la kaunti nzima, katika daftari lake. Isikubaliwe kamwe kuwa jibu la wadi.

Akiba kubwa kuliko zote imefungiwa nyuma ya malango ya shule. Karibu kila shule ya msingi ya umma ina uwanja, na Jumamosi vingi vya viwanja hivyo hulala bure. Mwalimu mkuu ana sababu: vioo huvunjwa, choo huachwa kichafu, na Jumatatu lawama ni zake. Bodi za shule, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ndizo zinazosimamia mali hiyo, nazo zinaweza kuandikiana na wadi mkataba wa kurasa mbili: lango la pembeni lisilopita madarasani, choo kilicho nje ya ua wa madarasa, mlinzi anayelipwa na kaunti, siku moja ya mapumziko ya nyasi, na kifungu cha kuvunja mkataba. Kuna watakaosema hilo ni kuwabebesha walimu mzigo usio wao, na wana haki pale mlinzi anapokosa mshahara miezi mitatu. Mkataba usio na mlinzi usitiwe sahihi.

Kabla ya kupendekeza mahali popote, chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina hicho hicho, lijaze maji, yakiisha ulijaze tena. Kesho yake asubuhi maji yakiwa bado yamo, nyasi hazitadumu hapo bila mitaro. Upande wa uwanda wa Kano, Kisumu, udongo mweusi wa pamba hupasuka kiangazi na kuvimba masika. Sakafu ya zege iliyomwagwa juu yake hupasuka nao. Lazima tabaka hilo liondolewe, pajazwe moramu na kushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Nakuru udongo wa volkano hunywa maji haraka lakini hutimua vumbi, na mvua kubwa huweza kufungua nyufa ardhini. Karibu na maziwa, kumbuka 2020, Ziwa Victoria lilipomeza fukwe zake. Na langoni, beba tepu: upana wa sentimita 90, na kwa kila kizingiti cha sentimita 15, mteremko wa kiti cha magurudumu uwe na urefu wa mita 1.8 au zaidi.

Nikipewa kuchagua mpangilio, hesabu itangulie na baraza lifuate likiwa na hesabu mkononi. Mpango wa mwaka wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, kwa hiyo takwimu ziwe tayari Juni, na mkutano uitishwe Julai, Jumamosi saa tisa alasiri, uwanjani kwenyewe, wanaosubiri zamu wakiwepo. Ubaoni paandikwe saa zinazohitajika, saa zilizopo, na mambo matatu yanayoweza kuziba pengo. Kabla ya kupiga kura, watu wajibu ni nani atashika ufunguo wa choo na atalipwa kutoka fungu gani.